Lushoto hadi Mnazi kwa ringi 29

Anayeniuliza bei ya baiskeli hii huwa na swali la pili mdomoni tayari: sasa kwa nini hukununua bodaboda? Swali si la kejeli. Kwa fedha niliyoitoa, tena kwa baiskeli iliyokwishatumika, ningepata pikipiki na chenji ya helmeti ikabaki. Huwa najibu kwa kutegemea nani anauliza na haraka niliyo nayo. Mwenye bodaboda namwambia nafanya mazoezi. Shangazi yangu nilimwambia nimekopeshwa, akaguna, yakaisha. Jibu lenyewe ni refu, na liko Usambara: linaanza Lushoto, linapanda msitu wa Magamba, linapita Lukozi na Sunga hadi Mtae, kisha linaporomoka ukingo wa milima hadi Mnazi kwenye joto la tambarare.

Njia hiyo niliijua. Nilikwishaipita na baiskeli yangu ya zamani, ringi 26, fremu ya chuma, gia 21, foku ya springi iliyokuwa imeganda kabla haijafika mikononi mwangu, na nyuma hapakuwa na cha kupunguza mtikisiko isipokuwa magoti na kiuno changu mwenyewe. Siitukani. Ilinifikisha kila nilikotaka kwenda na ilitengenezeka kila kijiji. Ndiyo maana nilitaka kuirudia njia ile ile na baiskeli mpya, kwa sababu ukibadili baiskeli na njia kwa mpigo mmoja hutajua ni kipi kilichokufurahisha.

Hii mpya ina ringi 29, na shokapu mbele na nyuma, zote za upepo, kila moja ikiwa na nafasi ya kubonyea milimita 130. Breki ni za diski na zinasukumwa na mafuta. Mbele kuna sahani moja tu ya meno 32, nyuma kuna ngazi 12 kuanzia meno 10 hadi 51. Siti inashuka na kupanda kwa kitufe kilichoko kwenye usukani. Haina kerea, haina madigadi, haina stendi. Mama mmoja pale stendi ya mabasi Lushoto aliizunguka mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa naipeleka kumaliziwa.

Kabla ya kuondoka nilikaa upenuni nikipima upepo. Hapa ndipo baiskeli hizi zinapotofautiana na zetu za kawaida: upepo unajaza tairi, halafu unajaza shokapu vilevile, kwa pampu ndogo ya pekee yenye saa, kulingana na uzito wako na wa mkoba wako. Kwenye fimbo ya shokapu ya nyuma kuna kipete chembamba cha raba. Unakisukuma hadi mwisho, unakaa kwenye siti taratibu, unashuka taratibu, unaangalia kipete kimesogea kiasi gani. Kikiwa kimesogea kama robo ya fimbo, umepata. Ukijaza mno shokapu inakuwa gogo. Ukijaza pungufu unaelea na kugonga chini kila penye shimo. Watoto waliojikusanya walidhani ninapima mapigo ya moyo ya baiskeli, na sikuona sababu ya kuwakatalia.

Nilifuatana na kijana mwenyeji, mwongozaji wa wageni, mwenye ringi 26 isiyo na shokapu yoyote na siti aliyoifunga kwa raba ya tyubu ili isicheze. Yeye aliniita kaka, nami nikamwita dogo, ingawa kwa mapafu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

Kutoka Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, njia inapanda kuelekea Magamba na haina huruma. Nilitegemea baiskeli ya bei hii ingenipunguzia kazi. Haikunipunguzia. Baadaye nilipiga hesabu, nikaelewa kwa nini. Baiskeli yangu ya zamani, kwa gia nyepesi kabisa, meno 24 mbele na 34 nyuma, ilisogea kama mita moja na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Mpya, meno 32 mbele na 51 nyuma, nayo inasogea kama mita moja na nusu, kwa sababu gurudumu kubwa linameza kile ambacho gia ya kisasa imekupa. Uzito wao pia unakaribiana. Kwa hiyo jasho ni lile lile, na anayeuza baiskeli hizi kwa maneno ya "utapanda bila kuchoka" muulize amepanda mlima gani.

Tena kuna gharama. Ukisimama katikati ya mwinuko, kuliondoa gurudumu kubwa ni kazi kuliko dogo. Uzito wa tairi na ringi uko mbali zaidi na habu, na mguu unaujua umbali huo. Dogo alikuwa anaruka juu ya siti na kuondoka, mimi nikihangaika kutafuta mahali pa kuanzia. Na shokapu ya nyuma, ukiiacha wazi, inanesa kila unapokanyaga, sehemu ya nguvu yako ikaishia humo. Kuna kiswichi cha kuibana. Nikikibana barabarani, mambo yanakwenda.

Lakini tulipoacha barabara na kushika njia ya mawe, hicho kiswichi nilikifungua mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa nimenunua nini. Kwenye mwinuko wenye mawe yaliyolegea, baiskeli yangu ya zamani ilikuwa inarushwa nyuma. Gurudumu linaacha ardhi, linazunguka hewani, ukikanyaga tena umeshasimama. Hii mpya, gurudumu la nyuma linapanda jiwe peke yake, linashuka peke yake, siti ikiwa imetulia, na tairi pana inaendelea kung'ata udongo. Sikwenda haraka zaidi. Nilikwenda bila kukatika. Kipande ambacho zamani nilikipanda nusu kwa pedeli na nusu kwa kusukuma, safari hii nilikipanda chote, nikihema kama mtu anayedaiwa, lakini nimekaa.

Msitu wa Magamba ni baridi na giza hata saa sita mchana. Kuna mikulo mikubwa, ule mti wa kafuri ambao jina lake la kisayansi limebeba Usambara, na mbega wanaoruka juu wakiacha majani yakitikisika baada ya wao kwenda. Mizizi inakatiza njia kama mishipa, mingine imefunikwa na majani yaliyooza, yote inateleza. Mizizi ndiyo mtihani wa kweli wa gurudumu. Sababu yake ni ya darasani kabisa. Chukua kizuizi cha sentimita 10. Gurudumu la 26 linakigonga kwa pembe ya digrii 45 na kitu, la 29 linakigonga kwa digrii 43. Tofauti ni digrii mbili na ushee, na ukiiona kwenye karatasi unaweza kucheka. Kwenye njia yenye mizizi isiyohesabika, tofauti hiyo inajirudia kila mita chache, na ifikapo jioni mabega yako yameshaijumlisha. Kwenye vishimo pia, gurudumu dogo linatumbukia na kupanda, kubwa linapita juu juu kwa sababu halina nafasi ya kutumbukia sana.

Sijui kama dogo alinihurumia au alinionea wivu, lakini tulipofika penye uwazi aliomba tubadilishane. Nikampa. Alishuka kipande kirefu chenye mizizi na mawe, mimi nikimfuata na baiskeli yake, nikikumbushwa kila jino nililo nalo. Nilimkuta amesimama chini, anaitazama tairi ya mbele.

"Kaka, hii inadanganya," alisema.

"Inadanganya vipi?"

"Inakwambia njia ni nzuri. Njia si nzuri."

Neno hilo nilitembea nalo hadi Mnazi. Baiskeli ya zamani ilikuwa inanipa taarifa zote: kila kokoto lilifika kiganjani, kwa hiyo nilichagua mstari wangu kwa makini, nikikwepa huku, nikiinua usukani kule. Mpya inachuja. Mawe madogo yanapotea kabisa, ya kati yanafika kama fununu, na unachohisi sawasawa ni yale makubwa tu. Unaacha kuangalia tairi lako, unaanza kuangalia mbele mita 10 au 15. Huko ni kuendesha kuzuri zaidi, nakiri, macho yanafanya kazi iliyokuwa ya mikono. Ila mwendo umeongezeka bila wewe kuagiza. Dogo alikuwa sahihi nusu: njia haijawa nzuri, wewe ndiye umepewa ruhusa ya kukosea kidogo. Na ruhusa hiyo ina kikomo, na kikomo chenyewe hakitangazwi.

Tulikaribia Lukozi kelele ikaanza nyuma yangu, shhh, shhh, shhh, kila gurudumu likizunguka. Jiwe lenye ncha lilikuwa limetoboa tairi ya nyuma. Tairi hizi hazina tyubu. Ndani kuna maji meupe yanayokimbilia kwenye tundu na kuganda. Tundu lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa maji hayo, yakawa yanaruka kwa kila mzunguko na kunichora mgongo. Watoto walitukimbilia wakipiga kelele kwamba baiskeli inatoa maziwa.

Fundi wa baiskeli alikuwa chini ya mkaratusi, na magurudumu ya watu yakiwa yamening'inia kwenye tawi. Mzee wa makamo, kofia ya sufu, mikono myeusi ya grisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leta tuone."

Hakugusa kwanza. Alizunguka, akabonyeza siti kwa kiganja, akaiona shokapu ikishuka na kurudi, akabonyeza tena. Halafu akaenda kwenye lile tawi, akashusha ringi tupu ya Phoenix, akaisimamisha sambamba na gurudumu langu na kufuatisha kwa kidole. Ringi ya Phoenix ilikuwa kubwa kidogo.

"Sasa ukubwa wenyewe uko wapi?" aliuliza.

Nilicheka kwa sababu alikuwa sahihi kwa vipimo. Ile ringi ya 28 ya Phoenix, na ya Hero na Avon, ile waliyoizoea wazee wetu na ambayo Wakenya wanaiita Black Mamba, ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi inapokaa. Ringi 29 ina 622, sawa kabisa na ringi ya baiskeli za mashindano ya barabarani. Ringi 26 ina 559. Kinachoifanya 29 iwe kubwa ni unene wa tairi, karibu sentimita 6 kwa yangu, wakati ya Phoenix ni kama 4. Kwa maneno mengine, wazee waliobeba magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi kwenye njia za mawe walikuwa juu ya gurudumu kubwa muda wote, na sisi tulioingia na ringi 26 za mtumba tukawaona wamepitwa na wakati.

Mzee alikuwa na tyubu ya 28, na kwa haki ingeweza kunisaidia nikafike Mtae, kwani raba inavutika. Kilichotukwamisha ni kidogo mno: valvu. Tundu la ringi yangu limetobolewa kwa valvu nyembamba, kama milimita 6 na nusu, na valvu ya tyubu ya Phoenix inahitaji zaidi ya milimita 8. Mzee akaitazama, akasema ana msumari, atauchoma moto apanue. Nilimshika mkono. Badala yake nikatoa kijiti changu cha raba yenye gundi, nikakisokomeza kwenye tundu kwa sindano yake, nikaacha mkia nje, nikapiga upepo. Kelele ikanyamaza. Mzee akakipapasa kile kimkia kilichobaki nje ya tairi, hakuridhika.

"Hiki si kiraka," alisema. "Hiki ni kizibo."

Alikataa hela, kwa kuwa kazi hakuifanya yeye. Nikanunua kwake kengele ya chuma, ya Phoenix, akanifungia kwenye usukani kwa mkono wake. Sababu ya kununua kengele nitaifikia.

Lukozi ni soko la mboga. Siku ya gulio Fuso zinajipanga, kabichi zinarushwa kutoka mkono hadi mkono, viazi na karoti na hoho vinapakiwa kwenda Dar es Salaam na kwingineko. Mboga hizo zote zinafika sokoni kwa kichwa au mgongo, kwenye vijia vinavyokata kona kati ya mashamba ya ngazi. Ni vijia hivyo hivyo waendesha baiskeli wa milimani tunavyovipenda.

Na huko ndiko ringi 29 ilikonifedhehesha. Kijia kinashuka shambani kwa kona za kiwiko, ukuta wa udongo kulia, kabichi za mtu kushoto, upana wa hatua mbili. Kutoka habu ya mbele hadi ya nyuma baiskeli yangu ina kama sentimita 120. Ile ya zamani ilikuwa na 107 hivi. Foku ya mpya imelala mbele, jambo linaloifanya itulie kwenye mteremko wa kasi, lakini kwenye kona ya kiwiko usukani unataka kuangukia ndani na gurudumu la mbele linatafuta kabichi. Dogo alikuwa anainua gurudumu la nyuma, analirusha pembeni, anageuka palepale, keshapotea. Mimi nilishuka nikabeba. Wapo wanaoweza kuirusha 29 namna ile, nimewaona kwenye video. Hawakuzaliwa na miguu yangu. Kwa mtu mfupi ni kazi zaidi, kwa sababu tairi la nyuma linakuja karibu mno na makalio siti inaposhushwa. Hata waendeshaji wa mteremko wa Kombe la Dunia la baiskeli walichelewa kulikubali gurudumu hili. Ni 2017 tu ndipo Greg Minnaar wa Afrika Kusini alishinda Fort William, Scotland, akiwa juu ya 29, na baada ya hapo wengi wakachanganya, kubwa mbele, dogo nyuma, ili wapate utulivu bila kuumia kwenye kona.

Tatizo la pili la vijia ni watu. Baiskeli yangu ya zamani ilikuwa inajitangaza yenyewe: cheni inapiga fremu, foku inalia, mawe yanaruka. Watu walinisikia kutoka mbali na kunipisha wakicheka. Mpya haina sauti. Ukiacha kukanyaga pedeli inalia kwa mbali, ukikanyaga ni kimya kabisa, na ule mwendo usioagizwa umeshakufikisha mgongoni mwa mama mwenye mzigo wa kuni kichwani ambaye hawezi kugeuza shingo. Njia ni yake. Ameipita kabla yangu na ataipita kesho, na mimi nimekuja kufurahi. Nilipiga kengele mbali sana, nikasimama, nikatia mguu chini hadi apite. Ukifanya hivyo kila kona, mwendo wa ziada ulioulipia unaurudisha wote. Sioni njia nyingine ya kistaarabu.

Baada ya Lukozi ukungu ulishuka na mvua nyepesi ikafuata. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unageuka gundi. Ulijaa kati ya tairi na fremu, ambapo nafasi haizidi upana wa kidole, na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Tukachokoa kwa vijiti. Dogo, mwenye tairi nyembamba, alichokoa mara chache kuliko mimi. Hayo nayo muuzaji hasemi.

Tuliingia Mtae jioni, upepo ukivuma kutoka chini. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, ardhi inakatika pande zote, na asubuhi mawingu yalipofunguka tuliiona tambarare ya Mkomazi imetandazwa chini yetu, na milima ya Pare ng'ambo yake. Kilimanjaro, unaoonekana kutoka hapo siku za anga safi, haukuonekana. Wasambaa wamezoea ukingo huu na hawaushangai. Wageni hukaa kwenye mawe na kunyamaza. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitundika kamba ya chuma kutoka Shume hadi Mkumbara kuteremsha magogo ya mierezi, na ukisimama ukingoni unaelewa kwa nini mtu angepata wazo la kupita hewani.

Sisi tulikuwa na breki. Kutoka Mtae hadi Mnazi unashuka zaidi ya mita 1,000 kwa kona zisizoisha, mawe yaliyolegea, mifereji iliyochimbwa na mvua katikati ya njia. Kwa baiskeli ya zamani kipande hiki nilikijua kwa vidole: vilikufa ganzi kabla ya nusu ya njia, nikawa nasimama kuvikung'uta, na raba za breki zilikuwa zinanuka kwenye ringi ya moto. Dogo alikuwa bado anaishi maisha hayo. Kila baada ya kona kadhaa alisimama, akamwagia ringi maji ya kunywa kidogo, mvuke ukapanda.

Baiskeli za milimani zenyewe zilizaliwa kwenye mteremko wa namna hii. Miaka ya 1970, huko kaunti ya Marin, California, vijana walikuwa wanashusha mabaiskeli mazito ya zamani kwenye njia za Mlima Tamalpais. Breki zao zilikuwa za kukanyaga kinyumenyume, ndani ya habu ya nyuma, na kufika chini grisi ya habu ilikuwa imeungua yote ikabidi ijazwe upya. Mbio zao, zilizoanza 1976, zikaitwa Repack kwa sababu hiyo hiyo. Yale mabaiskeli yalikuwa ringi 26 kwa vile ndiyo tairi nene iliyopatikana Marekani wakati ule, si kwa sababu kuna aliyekaa akapima. Joe Breeze alipounda fremu ya kwanza ya kazi hiyo 1977, alifuata tairi iliyopo, na dunia nzima ikafuata kwa zaidi ya miaka 20. Tairi ya kwanza nene ya kutosha kwa ringi kubwa, ya kampuni ya WTB, ilitoka 1999. Gary Fisher, mmoja wa vijana wale wale wa Marin, akaishikia bango huku wenzake wakimcheka. Kicheko kilikwisha kabisa London 2012, pale Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alipotwaa dhahabu ya Olimpiki juu ya 29 yenye shokapu mbele na nyuma, akimshinda Nino Schurter mwishoni kabisa.

Nilishusha siti kwa kitufe, nikasimama kwenye pedeli, nikaiachia. Sina neno la kuchuja hapa: hiki ndicho nilicholipia. Ile mifereji ambayo zamani niliikata kwa kusali, gurudumu lilipita juu yake na kuendelea. Kidole kimoja kwa kila breki kilitosha. Penye mawe yaliyorundikana niliona shokapu ya mbele ikishuka na kupanda haraka kuliko macho yanavyofuata, huku kifua changu kikiwa kimetulia palepale. Kwenye kona moja nilikosea mstari, gurudumu likaingia kwenye mawe makubwa niliyotaka kuyakwepa, na baiskeli ikayapita kwa mtikiso mmoja. Kwa ile ya zamani ningekuwa nimelala. Niliposimama kumsubiri dogo nilikigusa kile kipete cha raba: kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho wa fimbo. Maana yake shokapu ilikwishatoa yote iliyokuwa nayo, na mimi nilikuwa sijui. Kutoka hapo nilipunguza mwendo bila kuambiwa na mtu.

Joto lilitupokea polepole, kwanza miguuni, halafu usoni. Migomba ikaisha, mibuyu na miiba ikaanza. Mnazi tuliketi kivulini na soda baridi, dogo akafungua vidole vyake kimoja kimoja. Vyangu vilikuwa salama. Alinitazama, akatazama baiskeli, akasema bado inadanganya, lakini uongo wake unapumzisha.

Basi, kwa anayefikiria kununua, hukumu yangu ni hii. Ukiwa na fedha ya kubadili kitu kimoja tu, badili gurudumu. Ringi 29 yenye foku nzuri mbele na tairi pana, nyuma bila shokapu, itakupa sehemu kubwa ya faida niliyoieleza, kwa bei ya chini sana na bila viungio vya kukaguliwa kila mara. Shokapu ya nyuma iongeze kama mteremko mrefu wa mawe ndiyo chakula chako, kama kiuno kinakusumbua, na kama unaweza kumiliki ile pampu ndogo yenye saa, kwa sababu hutaipata njiani. Kama njia zako ni za vijia vya mashambani na kona za kiwiko, au wewe ni mfupi, jaribu kwanza ya mtu. Na kama unataka kupanda mlima bila kuchoka, rudi kwenye lile swali la bodaboda.

Ukienda Usambara nayo, beba mwenyewe tyubu ya valvu nyembamba, vijiti vya kuzibia, pedi za breki za akiba na kile kipande kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu, maana kati ya Lushoto na Mnazi sikuona duka lenye hata kimoja. Kengele huna haja ya kubeba. Mzee wa Lukozi anazo.